Koo Bila Kalamu: Je, Mashindano ya Televisheni Yanaua Muziki?

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa darasa la chini alinijia nje ya ukumbi wa masomo akiwa na barua mkononi. Alikuwa amechaguliwa kushiriki mashindano ya kuimba yatakayoonyeshwa kwenye televisheni, na siku za mashindano ziliangukia siku za mitihani. Aliniuliza: "Yaya, niende ao nibaki?" Kabla sijajibu, wenzetu waliokuwa karibu walikwisha kugawanyika. Mmoja alisema mashindano hayo ndiyo yanayoua muziki, kwa sababu yanatengeneza waimbaji kama vile kiwanda kinavyotengeneza sabuni. Mwingine alisema mtoto wa maskini hana mlango mwingine wa kuingilia, na kwamba wanaoyalaumu ni watu wenye wivu. Mabishano yaliendelea hadi mwalimu alipofika, na dada yule akabaki na barua yake bila jibu.

Makala haya ni jibu lililochelewa. Ili kulijenga vizuri, tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo siku ile tuliyachanganya: muziki wa kutengenezwa na wafanyabiashara ni jambo moja, mashindano ya televisheni ni jambo la pili. La kwanza ni la zamani kuliko wazazi wetu. La pili lina umri wa miaka ishirini na ushei tu, na lina tabia zake.

Mashine inavyofanya kazi

Mashindano ya aina hii tunayoyajua leo yalienea mwanzoni mwa karne hii. Mwaka wa 2001 Uingereza ilionyesha Pop Idol, kipindi kilichobuniwa na Simon Fuller. Mwaka huohuo Ufaransa ilianzisha Star Academy, ambayo wengi wetu wenye kusoma na kusikia Kifaransa tuliijua kupitia satelaiti. Marekani ilifuata mwaka wa 2002 na American Idol, na Uingereza ikaongeza The X Factor mwaka wa 2004. Afrika ya Mashariki nayo ilipata Tusker Project Fame kuanzia mwaka wa 2006, chini ya udhamini wa kampuni ya bia, na Tanzania ikawa na Bongo Star Search ya Rita Paulsen. Kwetu Kongo, kampuni ya simu ilidhamini Vodacom Superstar.

Majina ni tofauti, lakini mashine ni ileile. Vijana wengi huitwa kujaribiwa. Jopo la waamuzi huwachuja mbele ya kamera, na wanaoimba vibaya huonyeshwa ili watu wacheke. Wanaobaki huimba wiki baada ya wiki, watazamaji hupiga kura kwa simu, na mwenye kura chache anaondoka. Mwisho anabaki mmoja, anayepewa zawadi na mkataba wa kurekodi.

Fedha zinatoka wapi? Zinatoka kwa watangazaji wa biashara wanaotaka macho ya watazamaji, kwa mdhamini anayetaka jina lake litajwe, na kwa kura za simu zinazolipiwa. Tuangalie jambo hili kwa makini: kituo cha televisheni kinakuwa kimekwisha kupata faida kabla mshindi hajauza wimbo hata mmoja. Bidhaa ya kituo ni kipindi chenyewe. Mwimbaji ni sehemu ya kipindi, kama vile taa na jukwaa, na msimu mpya ukianza anatafutwa mwingine.

Mfano ulio wazi ni ule wa fainali ya Pop Idol, mapema mwaka wa 2002. Walibaki wawili, Will Young na Gareth Gates, na wote wawili walirekodi nyimbo zilezile kabla kura hazijahesabiwa, ili sahani iwe tayari kuingia sokoni mara mshindi atakapojulikana. Mmoja wa nyimbo hizo, "Evergreen", ulikuwa umekwisha kurekodiwa na kundi la Westlife. Young alishinda, na sahani yake iliuzwa nakala zaidi ya milioni moja katika wiki ya kwanza. Wimbo ulikuwa tayari, soko lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni sura ya kuwekwa mbele.

Mashitaka

Wanaoyalaumu mashindano wana hoja tatu. Ya kwanza: yanajaza soko kwa nguvu ya televisheni, na wanamuziki wasio na kipindi nyuma yao wanakosa nafasi. Ya pili: yanafanya sauti zote zifanane, kwa sababu mshiriki hujifunza kuimba kwa namna inayowafurahisha waamuzi. Ya tatu: yanawatumia vijana na kuwaacha.

Hoja ya kwanza ilizaa uasi mashuhuri. Nchini Uingereza, wimbo unaoongoza kwa mauzo katika wiki ya Krismasi una heshima ya pekee. Kuanzia mwaka wa 2005 hadi 2008, miaka minne mfululizo, heshima hiyo ilichukuliwa na mshindi wa The X Factor. Mwaka wa 2009 mume na mke, Jon na Tracy Morter, walianzisha kampeni kwenye Facebook ya kuwahimiza watu wanunue wimbo wa zamani wa Rage Against the Machine, kundi la roki la Marekani, ili kumzuia mshindi wa mwaka ule, Joe McElderry. Walifaulu. Wimbo wa kundi lile ulipata nakala zaidi ya 500,000, na wa McElderry takriban 450,000.

Watu walishangilia kwamba kiwanda kimeshindwa. Lakini rekodi zote mbili zilikuwa mali ya jamaa moja ya makampuni, yaani Sony. Mfukoni mwa mwenye kiwanda, uasi na utii viliingia pamoja. Tukio hilo halionyeshi kwamba kampeni ilikuwa bure, maana iliwapa watu furaha na ilichangisha fedha kwa ajili ya wasio na makazi. Linaonyesha kwamba tukitafuta madhara ya mashindano katika mauzo ya jumla, tunatafuta mahali pasipo. Sekta ya muziki, kama biashara, haikudhurika hata kidogo.

Mkono wa mfanyabiashara si mgeni

Tukija kwenye shitaka la "kutengenezwa", lazima tukiri kwamba muziki tunaoupenda na kuuheshimu nao ulipita mikononi mwa wafanyabiashara. Berry Gordy, aliyeanzisha Motown huko Detroit mwaka wa 1959, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari, na aliendesha nyumba yake ya muziki kwa kufuata mpango wa kiwanda: huyu anatunga, yule anapiga, mwingine anafundisha kucheza, na mwimbaji anatoka mwisho akiwa amekamilika. Mwaka wa 1966 televisheni ya Marekani iliunda kundi zima, The Monkees, kwa kuchagua vijana waliokuja kujaribiwa. Mwaka uliofuata vijana hao waliwagomea wakubwa wao, wakidai wapige vyombo wenyewe na kuamua nyimbo zao. Tukumbuke mgomo huo, kwani tutaurudia.

Na kwetu je? Rumba ya Kongo, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi wa Desemba 2021, ilirekodiwa kwanza katika maduka. Huko Léopoldville, Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua studio ya Ngoma mwaka wa 1948. Mgiriki mwenzake, Basile Papadimitriou, alikuwa na Loningisa, na ndiye aliyemwajiri kijana wa miaka 15 aitwaye Franco mwaka wa 1953. Watu hawa walikuwa wauza bidhaa. Walitaka sahani ziuzwe, na walichagua sauti kwa sikio la mnunuzi. Miaka ishirini baadaye Franco, akiwa bwana wa OK Jazz, aliimba "AZDA", wimbo uliosifu kampuni iliyouza magari ya Volkswagen nchini Zaire. Hakuna anayesema leo kwamba wimbo huo uliharibu rumba.

Upande wetu wa Katanga nao una ushahidi wake. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyetoka kusini, alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulipata tuzo ya Osborn, na sifa za gitaa lake zikavuka mipaka. Bosco alialikwa Nairobi, ambako alitangaza dawa ya Aspro redioni. Mwenzake Edouard Masengo, ambaye naye alihamia Nairobi, aliimba matangazo ya Coca-Cola. Kwa hiyo babu zetu wa gitaa la Katanga walijua tuzo, walijua mdhamini, walijua tangazo. Ukisema kwamba fedha ya mfanyabiashara ni sumu, itakubidi uwafukuze nao pia.

Tofauti iko wapi

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo siku ile hatukuliona. Bosco alipopewa tuzo, alipewa kwa wimbo wake mwenyewe, wenye vidole vyake na Kiswahili chake cha Katanga. Franco alipoajiriwa alikuwa kijana, lakini aliruhusiwa kutunga, na kwa kutunga akawa Franco. Mfanyabiashara alinunua kazi ya mtu mzima: koo, vidole na kalamu.

Shindano la televisheni, kwa kawaida, hupima koo peke yake. Mshiriki anaimba wimbo ambao watazamaji wanaujua tayari, kwa sababu mtazamaji anataka kulinganisha. Dakika ni mbili, nafasi ya wimbo mgeni haipo. Hivyo kijana anaweza kushinda mashindano ya muziki bila kuandika hata ubeti mmoja, na bila mtu yeyote kumuuliza kama anaweza. Tunamwita "msanii" mtu ambaye hatujaona sanaa yake. Tumeona namna anavyobeba sanaa ya wengine.

Jambo hili lina matokeo mawili, moja la fedha na lingine la lugha.

La fedha ni hili. Katika nchi yetu haki za watunzi zinalindwa na Ordonansi-Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Sheria hiyo, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, inatofautisha mtunzi wa kazi na yule anayeiimba au kuipiga. Mtunzi ana haki juu ya wimbo wenyewe, popote utakapoimbwa na yeyote atakayeuimba. Mwimbaji ana haki zinazoitwa jirani, yaani haki juu ya uimbaji wake uliorekodiwa. Mshindi aliyepewa wimbo uliokwisha kutungwa anaanza maisha yake ya muziki akiwa mpangaji katika nyumba ya mtu. Atalipwa akiimba jukwaani. Akiugua, akizeeka au akisahauliwa, nyumba inabaki ya mwenyewe. Hapo ndipo shitaka la tatu, la vijana kutumiwa na kuachwa, linapopata mzizi wake. Kusahauliwa huwapata wanamuziki wa kila aina. Kusahauliwa bila kuacha wimbo ulio wako ni umaskini wa pili.

Wenye nguvu zaidi kati ya washindi waliliona jambo hili. Kelly Clarkson, mshindi wa kwanza wa American Idol mwaka wa 2002, alitoa mwaka wa 2007 albamu ambayo alishiriki kuandika nyimbo zake zote. Ulizuka mvutano wa hadharani kati yake na mkuu wa kampuni yake, Clive Davis, ambaye hakuridhika na nyimbo hizo. Ulikuwa mgomo wa The Monkees umerudi baada ya miaka arobaini: koo lilikuwa linadai kalamu.

La lugha linatuhusu sisi wa kitivo hiki moja kwa moja. Shindano linalotaka watazamaji wa nchi nyingi huelekea kwenye nyimbo zinazojulikana katika nchi zote hizo, na nyimbo hizo mara nyingi ni za Kiingereza au za Kifaransa. The Voice Afrique francophone, iliyoanza mwaka wa 2016, ilimweka Lokua Kanza kwenye kiti cha mwalimu wa waimbaji. Yeye ni mzaliwa wa Bukavu, na amejenga jina lake kwa kutunga na kuimba katika lugha zetu. Lakini lugha ya kipindi, kama jina lake linavyosema, ni Kifaransa. Kijana wa Bukavu au wa Kolwezi anayejiandaa kwa jukwaa la namna hiyo atafanya mazoezi ya matamshi ya Kifaransa kwa miezi mingi. Hilo si kosa. Sisi wenyewe tunajifunza lugha za kigeni hapa. Lakini katika miezi hiyo hakuna anayemwomba apange vina kwa Kiswahili, wala atafute neno la nyumbani linalobeba huzuni ya mama anayengoja gari la mgodi. Lugha isiyotungiwa nyimbo mpya haifi kesho. Inaanza kuishi kwa kukopa.

Mtoto wa Goma

Mtu anaweza kunijibu kwa kutaja jina moja: Innoss'B. Ni jibu zuri, na linastahili kuchunguzwa.

Innocent Balume alizaliwa Goma mwaka wa 1997. Alikuwa bado mtoto alipoanza kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Mwaka wa 2010, akiwa na miaka 13, alishinda Vodacom Superstar, na nchi nzima ikamjua. Mwaka wa 2019 alitoa "Yope", kisha toleo lake jipya pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ambalo limetazamwa zaidi ya mara milioni mia moja kwenye YouTube.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka tisa. Shindano lilimpa jina, na jina ni kitu kikubwa kwa mtoto wa mji uliojulikana zaidi kwa vita na volkano. Lakini jina peke yake halikumvusha mpaka. Kilichomvusha ni wimbo wake mwenyewe, ambao Mtanzania aliona faida kuingia ndani yake. Tukumbuke pia kwamba aliingia kwenye shindano akiwa amekwisha kulelewa kimuziki na kaka zake. Alikuwa na nyumba kabla hajapata jukwaa.

Mifano ya ng'ambo inasema vivyo hivyo kwa njia ya kinyume. Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba katika American Idol mwaka wa 2004. Miaka mitatu baadaye alipokea tuzo ya Oscar kwa filamu ya Dreamgirls. One Direction walimaliza wa tatu katika The X Factor mwaka wa 2010, wakajaza viwanja duniani kote. Nafasi uliyopata usiku wa fainali haisemi mengi kuhusu miaka inayofuata.

Hukumu, na shauri kwa dada yetu

Basi, mashindano yanadhuru muziki? Biashara ya muziki hayaidhuru. Mara nyingi yanaineemesha. Waimbaji wote hayawadhuru. Wengine yamewatoa gizani. Yanachodhuru ni kazi ya kutunga, kwa kuizoesha hadhira kuamini kwamba muziki unaanza pale mtu anapofungua kinywa. Na katika nchi ambayo mtunzi tayari anapata shida kulipwa, mazoea hayo ni mzigo juu ya mzigo.

Madhara haya yanaweza kutibika. Hakuna sheria ya maumbile inayokataza shindano kuwa na raundi moja ambamo kila mshiriki analeta wimbo alioutunga, kwa lugha anayoitaka. Hakuna kinachokataza mdhamini kutoa zawadi kwa mtunzi kando ya mwimbaji. Redio zetu, vyuo vyetu na hata parokia zetu zenye kwaya zinaweza kuanza kwa gharama ndogo kuliko ya taa za jukwaa la televisheni.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna sehemu yetu. Tunafundishwa kuchambua mashairi ya waliokufa, na ni vyema. Ni mara ngapi tumemsaidia mwimbaji wa mtaani kusahihisha ubeti unaochechemea, au kumsomea mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa cha mawakili? Kazi hizo mbili zinahitaji ujuzi tulio nao tayari.

Kwa dada yetu, ningemjibu hivi. Ukiitwa, uliza maswali matatu kabla ya kufungasha mizigo. Nikishinda, wimbo nitakaorekodi utakuwa wa nani? Mkataba unanifunga kwa miaka mingapi, na nani ameusoma kwa niaba yangu? Je, kuna siku hata moja ambapo nitaimba maneno yangu mwenyewe? Majibu yakiwa mazuri, nenda, mitihani ina kipindi cha pili. Majibu yakiwa mabaya, unaweza kwenda hata hivyo, lakini ukijua kwamba unaenda kukodishwa.

Hakwenda. Alifanya mitihani yake na akafaulu. Hivi karibuni alinionyesha daftari lenye nyimbo sita, nne kwa Kiswahili na mbili kwa Kibemba, na akaniomba nimwambie ukweli kuhusu ubeti wa tatu wa wimbo wa kwanza. Nilimwambia haukukaa sawa. Alikasirika kidogo, akaukata, akaandika mwingine.